Kruza ya kwanza: mimi kilo 58, abiria wangu kilo 94

KisiginoJuu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Miezi mingi nimekuwa nikisoma humu bila kuandika, leo nimeona nijitokeze maana peke yangu nimeshindwa kuamua.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, urefu sentimita 158, kilo 58 nikiwa nimeshiba. Mafunzo nimemaliza miezi miwili iliyopita kwa pikipiki ya cc 125, leseni ninayo. Nataka kruza. Sitaki ya mashindano wala ya kurukia mashimo. Nataka ile ya kukaa chini, miguu mbele, injini inanguruma taratibu kama mtu anayekoroma mchana. Msiniulize kwa nini, ni ugonjwa wa tangu utotoni.

Siku nyingi nitaendesha peke yangu. Lakini kuna mume wangu. Haendeshi, kujifunza hataki, na ameshawatangazia ndugu wote kwamba yeye ndiye abiria rasmi. Ana kilo 94, na goti la kushoto liliumia mpirani zamani, mpaka leo halikunjiki vizuri. Yaani mzigo wa nyuma utakuwa mzito kuliko dereva. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu kila picha ninayoiona dereva ni pande la mtu, na nyuma kakaa binti mwembamba kama fimbo.

Nimekalia tatu mpaka sasa: Honda Rebel 500, Kawasaki Vulcan S na Kawasaki Vulcan 900 Classic. Kwenye Rebel nilijiona kama niko kwenye kiti changu cha sebuleni. Kwenye ile 900 nyayo zote mbili zilifika chini, nikafurahi, nikataka kuinyanyua kutoka kwenye stendi ya pembeni. Haikutikisika. Muuzaji akajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake. Na hiyohiyo ndiyo mume wangu aliyoipenda. "Hii ndiyo pikipiki," anasema, "hizo nyingine ni baiskeli zenye hasira."

Sasa nisaidieni. Ninunue ndogo nijifunzie kisha nibadilishe, au nitafute moja itakayotubeba wote wawili tangu mwanzo? Na kuna namna ya kujua kabla ya kutoa pesa, au ni mpaka tuanguke ndiyo tujue?

Moshi_Mweusi

Chukua 900 dada. Ndogo utaichoka kabla hujamaliza kuisoma, utauza kwa hasara, utarudi dukani kulekule. Uzito ni wa siku za mwanzo tu, ikishaanza kutembea huusikii. Mimi nilianza na cc 1100 na niko hai.

MzeeWaGia

Moshi, nafurahi uko hai. Ila pikipiki haianguki ikitembea, inaanguka ikisimama, na kila safari ina mahali pa kusimama.

Mwanangu KisiginoJuu, kabla ya jambo lolote, rudi kule ulikozikalia hizo pikipiki ukae kiti cha nyuma. Wewe mwenyewe. Muuzaji au shemeji yetu akae mbele aishike vizuri, wewe panda nyuma, weka miguu kwenye vikanyagio vya abiria, kaa hapo dakika kumi na tano bila kushuka. Kisha mumeo naye afanye hivyohivyo.

Nakwambia kwa sababu mimi sikufanya. Kruza yangu ya kwanza ilikuwa ya cc 800 na ushei, karibu kilo 280 ikiwa na mafuta, niliichagua kwa macho. Nilikaa mbele, nikashika usukani, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha la duka. Kiti cha nyuma nilikibonyeza kwa kidole nikasema kipo. Safari ya kwanza na mama watoto ilikuwa kilomita 140 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Tulipofika nyumbani hakuniambia neno. Alishuka, akashika ukuta, akanyoosha mgongo, ndipo akasema, "Kesho ukienda huko, nisalimie." Miaka miwili hakuipanda tena. Nilikuwa na pikipiki ya watu wawili inayobeba mmoja.

Na katika safari hiyohiyo tulianguka. Tulikuwa tunaegesha, mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa nimekata usukani kushoto, nikabana breki ya mbele, mguu ukakanyaga kokoto. Ningekuwa peke yangu ningeizuia. Lakini nyuma kulikuwa na mtu ambaye naye aliegemea upande uleule, basi tukalala wote watatu, taratibu, kama watu wanaojilaza wenyewe. Hakuna aliyeumia zaidi ya mimi roho. Tangu siku hiyo nikiwa na mtu nyuma, mita za mwisho kabla ya kusimama usukani wangu umenyooka, na breki ninayoimalizia nayo ni ya nyuma.

Sasa kuhusu kilo zenu. Kila pikipiki ina kiwango cha juu cha mzigo. Kitabu chake hukitaja, au kwenye kibao cha fremu karibu na shingo ya usukani utakuta uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Kama ni huo, toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta na oili, kinachobaki ndicho chenu. Na "chenu" maana yake ni kila kitu: dereva, abiria, helmeti mbili, majaketi, viatu, mabegi, hata kiegemeo cha mgongo utakachofunga baadaye. Nyie wawili mko 152 mkiwa na nguo za nyumbani. Mkivaa mavazi ya safari mko 165 hivi. Usimwamini anayekuambia "hii inabeba tu". Soma namba, maana pikipiki mbili zinazofanana kwa ukubwa wa injini zinaweza kutofautiana sana hapo.

Urefu wa kiti nao usikudanganye. Vulcan 900 kiti chake kiko kama sentimita 68 kutoka ardhini, Rebel 500 sentimita 69. Ukisoma karatasi tu utadhani 900 ndiyo inayokufaa zaidi. Lakini Rebel ina kilo 190 hivi na 900 ina 281. Hizo kilo 90 za tofauti ni mumeo mzima, amepanda kabla hajapanda.

Hizo ulizozikalia ninazijua zote, na nitakupa maoni yangu. Rebel 500, injini ya silinda mbili cc 471, ni nyepesi, ina adabu, inakusamehe makosa. Kama safari tisa kati ya kumi uko peke yako, ichukue usigeuke nyuma. Ila kiti cha abiria ni kijisehemu kidogo kinachofungwa nyuma ya chako, na mtu wa kilo 94 atakuwa amekaa kwa imani. Vulcan S ina cc 649, silinda mbili, kilo kama 228, kiti sentimita 70.5. Nzuri yake kwako ni kwamba vikanyagio vya dereva vinahamishika: pale katikati, mbele kidogo au nyuma kidogo, milimita 25 kila upande, na kuna usukani wa kukusogelea na viti vya vimo tofauti. Imetengenezwa kwa kujua kwamba watu hawalingani miguu. Ile 900 iache kwanza. Si mbaya hata kidogo, ina mkanda badala ya cheni na tangi la lita 20, lakini hiyo itakuwa ya pili au ya tatu.

Ambayo hukuitaja na mumeo ataipenda ni Royal Enfield Super Meteor 650. Kilo 241, kiti cha nyuma cha kueleweka. Tatizo kwako ni kiti cha mbele, sentimita 74, na jina lako la humu linaonyesha tayari una shida ya kisigino. Ndugu yake mdogo, Meteor 350, ni tamu sana kwa mtu mmoja asiye na haraka, lakini nguvu yake ni farasi 20 tu. Kilo 165 mgongoni na mlima mbele, utasoma mabango yote ya njiani.

Hata ukichagua ipi, mumeo asipande kwanza. Mimi ningesema kilomita elfu mbili za peke yako, na hizo zisiwe za barabara kuu iliyonyooka, ziwe za kusimama na kuondoka, kugeuza sehemu finyu kwa nusu klachi huku breki ya nyuma umeigusa. Angalia pia masharti ya leseni yako, kuna mahali dereva mpya haruhusiwi kubeba mtu kabisa.

AbiriaMkongwe

Mzee kanitangulia kwa hilo la kukaa nyuma, naomba niongeze kidogo maana mimi nyuma ndiyo kwangu. Mwaka wa kumi na mbili huu nabebwa, na sitaki kuendesha.

Hilo goti la shemeji ndilo swali lenyewe, kilo zitafuata. Kwenye kruza nyingi kiti kiko chini, kwa hiyo vikanyagio vya abiria vinakuwa karibu na kiti, magoti yanapanda juu kama mtu aliyechuchumaa. Robo saa ya kwanza husikii. Saa moja baadaye mguu si wako. Mwambie akikaa nyuma aangalie pembe ya goti, na aulize kama vikanyagio vinaweza kushushwa au kuwekwa vya kubao, vile vipana vya kulaza unyayo mzima. Mimi navyo naweza kubadilisha mkao njiani, na kwa mwenye goti bovu hiyo ni dawa.

Pili, kiegemeo cha mgongo. Msikione ni pambo. Ukiongeza gesi, abiria anavutwa nyuma. Asipokuwa na kiegemeo atakushika wewe, na mtu wa kilo 94 akimvuta dereva wa kilo 58, anayeendesha hapo ni nani? Ukifunga breki anakuja mbele na helmeti inagonga yako, ko! Sisi tuliokaa nyuma miaka mingi tunajifunza kujibana kwa mapaja na kuweka kiganja kwenye tangi ikibidi. Mgeni hajui, lazima afundishwe kabla.

Na mpangane maneno. Mimi sipandi mpaka niambiwe "panda", na sishuki mpaka niambiwe "shuka". Kabla ya hapo dereva kaweka miguu yote miwili chini, kabana breki, pikipiki imesimama wima, stendi imekunjwa. Ninapanda kutoka kushoto. Mkisimama kwenye taa miguu yangu haitoki kwenye vikanyagio, hata nikiona tunayumba. Kwenye kona ninaangalia juu ya bega la dereva la upande tunaokata, basi, mwili unafuata wenyewe. Anayejaribu "kusaidia" kwa kuinamia upande mwingine ndiye anayewapeleka mtaroni.

Halafu bomba la moshi. Aoneshwe liko upande gani kabla hajavaa suruali nzuri.

SpanaKumi

Mimi naongelea vyuma, mambo ya ndoa nawaachia nyie.

KisiginoJuu, hukusema mpya au iliyotumika. Kama iliyotumika, fika bila kutangaza saa na shika injini kwa mkono kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, muulize kwa nini. Pikipiki mbovu nyingi huwaka vizuri ikiwa na joto. Angalia pembeni ya tairi, utaona tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kruza ni pikipiki za kuegeshwa, utakuta ina kilomita chache na tairi zina meno yote lakini mpira umezeeka, mgumu kama soli. Hizo ni za kubadilisha tu, hasa ukibeba mtu. Pangusa nguzo za shokapu za mbele, kidole kikitoka na oili ujue sili zimechoka.

Kinachopeleka nguvu ya injini gurudumu la nyuma kiwe cheni, mkanda au shafti (mhimili wa chuma)? Watu humu watagombana mpaka asubuhi. Rebel na Vulcan S zina cheni, kwa hiyo utakuwa unapiga mafuta kila baada ya kilomita mia kadhaa na kuangalia ulegevu, na ulegevu huo unaathirika na uzito wa nyuma. Mkanda ni kimya na msafi, ila kokoto ikiingia kati yake na puli ni maumivu. Shafti unabadilisha oili yake kwa wakati, unaisahau. Yamaha V-Star 650, ile inayopoozwa na hewa, ina shafti na kiti sentimita 69.5, na za zamani bado zinazunguka. Ina kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa, kwa hiyo ikilala muda mrefu na mafuta ndani, andaa siku ya kusafisha.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja: ABS, breki zinazozuia gurudumu lisijifunge ukibana ghafla. Kwa dereva mpya mwenye mtu nyuma, mimi nisingenunua isiyo nayo kama ipo yenye nayo. Hapa sibishani na mtu.

Na mkipanda wawili, mambo mawili kabla ya kuondoka. Upepo wa tairi la nyuma mara nyingi unatakiwa uongezwe, kipimo kipo kwenye kitabu au kibandiko karibu na mkono wa gurudumu la nyuma. Na springi ya shokapu ya nyuma ikazwe kwa kuzungusha pete yake kwa ile spana ya ndoano. Msipoikaza nyuma inadidimia, usukani unakuwa mwepesi kama umeshika hewa, usiku taa yako inamulika kwenye macho ya watu, na kwenye kona mtaanza kukwangua lami kwa vikanyagio. Kruza ziko chini tayari, hazina nafasi ya kupoteza.

Moshi_Mweusi

Sawa, nimekubali nusu. Nilisahau kusema kwamba mimi nina sentimita 186, na hiyo 1100 niliiangusha mara tatu mwaka wa kwanza. Moja ilikuwa ndani ya banda langu mwenyewe.

MzeeWaGia

Ahsante kwa kusema ukweli, kijana.

KisiginoJuu

Shikamoo Mzee, shikamooni wakubwa wote. Samahani kwa ukimya, nilikuwa nafanya kazi mliyonipa.

Nilirudi, nikakaa nyuma. Aisee. Kwenye Rebel nilikaa dakika nne nikamwambia mume wangu hata usihangaike kupanda. Kwenye 900 nilikaa kama malkia, nikaelewa alichokuwa anakipenda, lakini tulipobadilishana, mimi mbele na yeye nyuma, muuzaji akasogea kutushikilia bila hata kuombwa. Hilo lilitosha kuwa jibu. Super Meteor niliitafuta pia: yeye alitabasamu nyuma, mimi nilining'inia mbele kwa ncha za vidole.

Basi nimechukua Vulcan S, iliyotumika, yenye ABS. Injini ilikuwa ya baridi, SpanaKumi, niliigusa kama daktari. Tairi la nyuma lilikuwa la zamani, nikalipigania kwenye bei mpaka likabadilishwa. Vikanyagio vyangu nimevirudisha nyuma ile nafasi ya karibu, na sasa visigino vinagusa. Itabidi nibadilishe jina humu.

Kiti cha nyuma kilichokuja nacho kilikuwa kidogo kwa mtu wake, tukatafuta kipana zaidi na kiegemeo. Hesabu ya mzigo tulifanya kwa mizani ya chumbani, yeye akiwa na helmeti kichwani na buti miguuni, anacheka mpaka mizani inakataa kutulia. Tumo ndani ya namba, ila mabegi makubwa tusahau. Goti amelijaribu dakika ishirini, pikipiki ikiwa imesimama na mimi nimeishika. Anasema saa moja ataweza, akizidisha hapo anataka kunyoosha mguu. Tumekubaliana kila baada ya dakika arobaini na tano tunasimama, anayelalamika asilalamike.

Mimi peke yangu nimeshafikisha kilomita 640. Nimeiegemeza kwenye ukuta mara moja, hiyo haihesabiwi. Kugeuza sehemu finyu bado kunanitoa jasho, hasa kulia, sijui kwa nini kulia. Yeye kila jioni ananiuliza namba imefika ngapi, na helmeti yake ameitundika karibu na mlango.

Mzee, nina swali. Spana ya ndoano nimeipata, nataka nijizoeze kukaza na kulegeza kabla siku haijafika. Nazungusha upande gani? Nimeitazama ile pete mpaka nimechanganyikiwa, ukiitazama kwa juu ni hivi, kwa chini ni vile.

MzeeWaGia

Marahaba mwanangu. Kulia unaona kuzito kwa sababu mguu wa kulia ndio wa breki, hutaki kuuachia. Wengi ni hivyo. Jizoeze huko zaidi ya kushoto.

Pete usiihesabie kulia wala kushoto. Itazame springi yenyewe unapozungusha. Ikifupika, umekaza. Na andika mahali ilipokuwa kabla hujaigusa, maana kesho yake utakuwa peke yako tena.